NYUMBANI MWETU: Picha Isiyo na Haraka

Ndugu wasomaji, juma hili ukurasa wetu utaacha kando mapishi, mishono na malezi ya watoto wachanga, uzungumze juu ya mgeni ambaye sasa amekaribishwa karibu katika kila nyumba, tangu nyumba za wakubwa mjini Arua hata chumba kimoja cha askari kambini Koboko. Mgeni huyo ni picha za sinema tunazozitazama sebuleni baada ya chakula cha jioni.

Hapo kale aliyetaka kuona picha alingoja gari la sinema lije, litundike shuka jeupe uwanjani, na umma wote ukae chini mavumbini. Baadaye vilikuja vibanda vya video, ambavyo hata leo vingalipo, vyenye mabenchi ya mbao na vipaza sauti vinavyosikika mpaka sokoni. Humo ndimo tulimowazoea wale mabingwa wa kutafsiri tunaowaita vijei, ambao hukaa baina ya picha na watazamaji, wakayageuza maneno ya kigeni kuwa ya lugha zetu, tena wakayatia chumvi yao wenyewe. Siku hizi picha huja nyumbani mfukoni. Mtu huchomeka flashi ndogo kuliko kidole katika televisheni, na jamaa nzima hukaa kutazama.

Lakini twatazama nini? Ukipita nje ya nyumba zetu saa mbili za usiku utasikia milio ya risasi, magari yakigongana na watu wakipiga mayowe. Askari aliyeshika bunduki mchana kutwa arudipo nyumbani hukuta bunduki nyingine yamngoja sebuleni. Sisemi kwamba picha hizo zote ni mbaya, kwa maana hata mimi hucheka na kushtuka pamoja na watoto. Nasema tu kwamba watoto wetu wamezoea kila dakika pawe na kishindo, na pasipokuwa na kishindo hudhani kuwa mtambo umeharibika. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niwasimulie jioni mbili ambazo nyumbani kwetu tulitazama picha moja ya Kiitalia, ndefu na ya polepole, na neno lililotoka mwishoni mwake ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitazamia.

PICHA YENYEWE

Jina lake kwa Kiitalia ni L'albero degli zoccoli, yaani Mti wa Viatu vya Mbao, vile viatu ambavyo watu wa pwani huviita mitalawanda. Aliyeitengeneza ni Ermanno Olmi, mzaliwa wa Bergamo, aliyeishi tangu mwaka 1931 hadi mwaka 2018. Ilitolewa mwaka 1978, na mwaka huohuo ilipewa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la sinema la Cannes huko Ufaransa. Iligharimiwa na RAI, shirika la utangazaji la umma la Italia. Urefu wake wapita saa tatu. Olmi mwenyewe ndiye aliyeiandika, akashika kamera, akakata na kuunga vipande vyake. Tena watu tunaowaona ndani yake si waigizaji kwa kazi yao, bali ni wakulima na watu wa kawaida wa huko Bergamo, nao husema lahaja ya kwao, ambayo hata Waitalia wa sehemu nyingine huhitaji kutafsiriwa.

Kisa hutukia mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, karibu na mwaka 1898. Familia kadhaa za wakulima maskini zakaa katika nyumba moja kubwa yenye ua katikati. Nyumba si yao. Mashamba si yao, wala miti, wala sehemu ya mifugo. Vyote ni mali ya bwana mwenye shamba, ambaye katika kila mavuno huchukua theluthi mbili. Padre wa kijiji amshauri mkulima mmoja, Batistì, ampeleke shule mwanawe Minek, kwa kuwa mtoto ana akili. Baba na mama wasita, maana mikono ya mtoto yahitajiwa shambani, na shule iko mbali. Hatimaye wakubali, na Minek aanza kwenda shule kwa miguu kila siku, amevaa viatu vya mbao.

Hicho ndicho kisa, lakini hakiendi mbio. Kati ya hatua moja na nyingine twawaona watu wakivuna mahindi, wakiyapukuchua, wakikusanyika zizini jioni ili wapate joto la ng'ombe na kusikiliza hadithi. Yupo mjane mwenye watoto sita, ambaye hufua nguo za watu mtoni. Yupo babu mmoja apandaye nyanya zake mapema, kwa siri, akizirutubisha kwa samadi ya kuku, ili apeleke za kwanza sokoni. Yupo mtu mwenye choyo aokotaye sarafu ya dhahabu, akaificha katika ukwato wa farasi, na alipoirudia asiione. Wapo kijana na msichana wanaochumbiana bila ya kusema maneno kumi. Mambo haya yote huonyeshwa kwa kadiri ya muda yanavyochukua. Mtu akitembea njiani, twamngoja afike.

WAITALIA TUNAOWAJUA

Huenda msomaji akauliza, ya nini sisi wa West Nile kujishughulisha na wakulima wa Italia? Jibu langu ni kwamba Waitalia si wageni kwetu. Wazee wetu waliotumika katika King's African Rifles walikutana nao kwa mtutu wa bunduki katika vita ya Ethiopia mwaka 1941. Wengine waliwajua kwa njia ya mapadre na masista wa Comboni, waliojenga misheni, shule na hospitali, kuanzia Ediofe hapa Arua hata Maracha na kwingineko. Mtoto aliyemwona padre wa Kiitalia akiendesha gari alidhani ya kuwa nchi yake yote ni ya matajiri.

Kumbe Daniele Comboni mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1831 katika kijiji cha Limone, alikuwa mwana wa watu maskini waliomtumikia tajiri mwenye mashamba; na katika watoto wanane wa wazazi wake, ni yeye peke yake aliyefikia utu uzima. Papa Yohane wa 23, aliyezaliwa mwaka 1881 katika kijiji cha Sotto il Monte huko huko Bergamo, naye alitoka katika jamaa ya wakulima waliolima ardhi ya wengine na kugawana nao mavuno. Basi atazamaye picha hii huwaona wazee wa wale waliokuja kwetu, wakiwa peku, wakiwa na njaa, wakihesabu mayai.

JIONI YA KWANZA

Mwenzangu mmoja ofisini ndiye aliyenipa picha hiyo katika flashi, akaniambia, "Itazame siku usiyo na haraka." Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mume wangu, ambaye ni polisi katika wilaya ya Koboko, alikuwa amefika kwa mapumziko ya siku mbili kwa ile barabara ya lami itokayo Oraba mpakani. Alikuwa amefuatana na baba yake, mzee aliyestaafu katika polisi akiwa sajenti, ambaye alikuja Arua kutibiwa macho. Kwa kuwa wao ni Wakakwa nami ni Mlugbara, lugha ya nyumba yetu ni Kiswahili. Baba mkwe alikaa kitini karibu na mtambo kwa sababu ya macho yake. Mimi, kama ilivyo desturi, nilikaa mkekani na watoto.

Maandishi yaliyokuwa chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo kazi ya vijei iliniangukia mimi. Nilianza vizuri. Baada ya nusu saa, mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, aliniuliza kwa adabu kamili, "Mama, picha itaanza lini?" Mdogo wake alikuwa anachezea kamba za mkeka. Mume wangu, aliyekuwa amekesha zamu mpakani, alikwisha lala akiwa ameketi.

Nikaona aibu, kana kwamba ni mimi niliyepika chakula kisicho na ladha. Basi nikaanza kuiga vijei wa kibandani. Mtu alipotokea na mkokoteni nilisema, "Angalieni, huyu ana hila!" Mwanamke aliponyamaza nilimtilia maneno kinywani. Watoto wakacheka kidogo. Ndipo Baba alipogeuka, akaniambia kwa upole, "Binti yangu, waache. Wewe tuambie wanayoyasema tu. Wakinyamaza, nawe nyamaza."

Nikanyamaza. Mwanzoni ukimya ule ulinielemea. Tulisikia maji yakitiririka katika picha, na nje tukasikia bodaboda zikipita. Kisha, kidogo kidogo, macho yalianza kufanya kazi ambayo masikio yalikuwa yakiwanyima. Mdogo alisema, "Mama, yule bibi anachambua mahindi kama Nyanya." Mkubwa akauliza kwa nini bwana mwenye shamba achukue theluthi mbili naye hakushika jembe. Babu yake akamweleza kwamba kwetu West Nile ardhi nyingi ni ya ukoo, na kwamba mtoto ajuaye mpaka wa shamba la babu yake ana mali kubwa kuliko anavyofikiri. Hayo yote yalisemwa huku picha inaendelea, wala hatukupitwa na jambo, kwa sababu picha yenyewe ilikuwa inatungoja.

Baadaye ilifika habari ya yule mjane. Ng'ombe wake alianguka, akalala chini zizini. Mtaalamu wa mifugo akaja, akampima, akamwambia mama yule kwamba afadhali amchinje apate walau bei ya nyama. Mama hakukubali. Alikwenda mbio kuchota maji katika kijito, huku anasali, ili amnyweshe. Hapo hapo umeme ukakatika.

Tulingoja hata saa nne, haukurudi. Watoto walikwenda kulala katika giza. Nilipokuwa nafunga mlango nilimsikia yule mkubwa, aliyekuwa ameniuliza picha itaanza lini, akimnong'onezea mdogo wake, "Unadhani ng'ombe atakufa?"

JIONI YA PILI

Jumapili asubuhi, kabla ya chai, niliulizwa na wawili hao juu ya ng'ombe. Nami nikasema kwamba sijui, tungoje jioni. Nakiri kuwa nilikuwa najua. Lakini niliona ni jambo jema kwa watoto wa siku hizi kukaa na swali siku nzima bila ya kubonyeza kitufe.

Jioni ilipofika hakuna aliyehitaji kuitwa. Ng'ombe alipona, na nyumbani kwetu watu wazima walipiga makofi, mume wangu akiwa wa kwanza, maana jioni hiyo alikuwa macho. Penye kuchinjwa nguruwe tulipeleka mbele, kwa kuwa katika jamaa yetu wamo Waislamu na Wakristo pia, na Baba alitumia nafasi hiyo kwenda kuswali Isha.

Kisha kiatu cha Minek kikapasuka. Mtoto anatoka shule, anashuka ngazi, na mbao inapasuka chini ya mguu. Hakuna muziki wa kushtua. Anajaribu kukifunga, hakifungiki, anakwenda nyumbani guu moja likiwa peku. Anapofika, mama yake amejifungua mtoto mwingine siku iyo hiyo. Baba hana fedha ya kununua kiatu. Basi anatoka gizani na shoka, anaangusha mti mmoja mdogo kando ya njia, anauficha chini ya joho lake, na usiku ule, wakati jamaa wanasali, yeye anachonga. Mabaki yote ya mbao anayatupa motoni.

Hapa naomba ruhusa niseme neno langu mwenyewe. Kabla ya kuingia ofisini nilisomea ualimu, nikafundisha madarasa ya chini. Mwaka mmoja wa masika, mtoto mmoja alizoea kuchelewa. Siku moja alifika akiwa ameshika kandambili moja mkononi, imekatika kamba. Nilimsimamisha mlangoni mpaka mapumziko, ili awe mfano kwa wenzake. Alisimama bila ya kulia. Sikumwuliza ametembea kutoka wapi, wala ile kandambili ilikatikia wapi. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kwa miaka mingi, na picha hii ilinirudishia sura ya mtoto yule kwa sababu ilinipa muda wa kukitazama kiatu. Laiti ingekuwa picha ya mbio, kiatu kingepita kama risasi, nami ningebaki na usahaulifu wangu.

Mwisho wa kisa mwaweza kuukisia. Bwana mwenye shamba aliuona mti uliokatwa. Batistì na jamaa yake wakaamriwa kuhama, wakanyang'anywa mifugo waliyokuwa wakiitunza. Jioni wanapakia vyombo vyao katika mkokoteni: magodoro, viti, sufuria. Mtoto mchanga amefunikwa. Minek amekaa, analia polepole. Na majirani, wale waliokuwa wakisimulia nao hadithi zizini miaka yote, wamo ndani ya nyumba zao. Wanachungulia dirishani. Wanasali. Hawatoki. Mkokoteni unapokwisha kuondoka ndipo wanapotoka uani, wakasimama wakiitazama taa yake ikienda mbali gizani.

NENO LA BABA

Picha ilikwisha, na hakuna aliyeinuka. Nilikuwa nimeanza kukusanya vikombe vya chai Baba aliposema, bila ya kumtazama yeyote, "Nasi tulizima taa."

Tukadhani asema juu ya picha. Akaendelea. Alisema kwamba ilikuwa mwaka 1980. Wasomaji walio wengi wanajua kwamba baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwezi wa Aprili 1979, amani haikukaa West Nile. Na mwezi wa Oktoba 1980 mapigano yalizuka upya, hata watu kwa maelfu wakavuka mpaka kwenda Sudani na Zaire. Wakati huo Baba alikuwa kijana wa miaka 21, angali nyumbani kwa wazazi wake karibu na Koboko. Jirani yao alikuwa fundi wa baiskeli. Usiku mmoja walimsikia akifunga mizigo. Walisikia mnyororo wa baiskeli, wakasikia mtoto akikohoa, na mama yake akimziba kinywa.

"Mama yetu akasema, zimeni taa, msifungue," alisema Baba. "Siku zile mlango uliofunguliwa usiku uliweza kuleta mauti. Basi tukakaa gizani. Nilimwona kupitia ufa wa mlango. Alikuwa na watoto wanne na baiskeli moja. Mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu. Ningeweza kumbebea mtoto mmoja hata mto Kaya, kisha nikarudi kabla ya mapambazuko. Sikufungua."

Asubuhi, alisema, walikikuta kinu cha yule fundi kimewekwa mlangoni pao. Kilikuwa kizito, hakichukuliki kwa baiskeli. Hakukitupa, wala hakukiacha nyumbani kwake. Alikileta kwa jirani asiyemfungulia mlango. Baada ya juma moja wao nao waliondoka, wakakiacha kinu pale pale. Waliporudi mwaka 1986, hapakuwa na kinu wala mlango. Yule fundi hakuonekana tena.

Mume wangu ana umri wa miaka 38, na katika miaka hiyo yote hakupata kulisikia neno hilo. Akasema, "Baba, hukuwahi kutuambia." Mzee akamjibu, "Hamkuwahi kunyamaza muda wa kutosha."

Mwanangu mkubwa akauliza swali ambalo sisi wakubwa tusingethubutu kuliuliza: "Babu, kwa nini hukutoka?" Mzee akasema, "Niliogopa." Hakuongeza neno, wala mtoto hakuuliza zaidi. Tukazima mtambo, tukaagana.

Asubuhi yake, kabla ya kuondoka kwenda kwa daktari wa macho, Baba aliniuliza juu ya jirani yetu mpya, mama mmoja aliyefika kutoka pande za Yei, Sudan Kusini, pamoja na watoto wake. Aliniuliza ni nani anayemsaidia kuteka maji. Ndugu wasomaji, tulikuwa tumekaa na mama huyo ukuta kwa ukuta muda wa miezi miwili, nami nilijua jina la mtoto wake mmoja tu. Jioni hiyo nilibisha hodi kwake. Mume wangu alirudi kazini mpakani, pale ambapo mwaka 2016 aliwaona watu wakivuka kwa maelfu wakiwa na magodoro vichwani. Aliniambia kwa simu kwamba katika kazi ile mtu huzoea kuhesabu vichwa, na kwamba siku hiyo alijikuta akitazama walichobeba.

TUNALOWEZA KUJIFUNZA

Ukurasa huu husomwa sana na jamaa za askari, na sisi tunajua maana ya mkokoteni ule. Katika kambi zetu uhamisho huja kwa amri. Lori hufika alfajiri, vyombo hupakiwa, watoto hutolewa shule katikati ya muhula. Tena yako mahame yaliyo mazito kuliko uhamisho: askari afariki, na mjane wake hana budi kuiacha nyumba ya serikali ili mwingine aingie. Siku hiyo mapazia mangapi hufunuliwa kidogo, na milango mingapi hufunguliwa? Hatuchungulii kwa ubaya. Twaona haya, hatujui la kusema. Lakini aliye juu ya lori haoni haya yetu, huona mlango uliofungwa. Kumshikia mtu sufuria yake mpaka apande hakuhitaji maneno.

Kwa wale watakaopenda kujaribu picha za namna hii nyumbani, nawapa mashauri machache niliyoyapata kwa kujikwaa.

Kwanza, msianze na hii ya saa tatu. Anzeni na Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, iliyotengenezwa na Vittorio De Sica mwaka 1948. Urefu wake ni kama saa moja na nusu. Ni habari ya mtu wa Roma aliyepata kazi ya kubandika matangazo kwa sharti la kuwa na baiskeli, na siku ya kwanza ya kazi baiskeli ikaibwa; basi yeye na mwanawe mdogo wazunguka mji mzima wakiitafuta. Kwetu, ambako baiskeli imebeba wagonjwa, magunia na maharusi, hakuna atakayeuliza kisa kile chahusu nini. Polisi nao wataona jinsi mshtaki aonavyo dunia anapoambiwa kwamba shauri lake limeandikwa, aende zake.

Pili, si kila picha ya polepole yafaa kwa jamaa. Ile L'avventura ya Michelangelo Antonioni, ya mwaka 1960, ilizomewa na watazamaji wa Cannes ilipoonyeshwa mara ya kwanza, ingawa ilipewa tuzo papo hapo Cannes. Ni ya watu wazima, nao wawe wamelala vya kutosha. Mzazi aitazame picha kwanza peke yake, ajue penye jambo lisilofaa kwa watoto au kwa dini ya nyumba yake.

Tatu, gawanyeni picha katika jioni mbili, na katikati msiseme mwisho wake. Jazeni betri ya sola mapema. Msiutegemee umeme peke yake.

Nne, mmoja asome maandishi kwa sauti ya kawaida na kuyatafsiri. Asiongeze chumvi. Picha ya namna hii ni kama mchuzi wa samaki mkavu: chumvi yake imo ndani.

Tano, simu zote ziwekwe juu ya kabati, hata ya baba, isipokuwa yuko zamu ya dharura. Chai iwepo, na karanga au mihogo ya kuchemsha, maana tumbo tupu halina saburi.

Sita, na hili ndilo kubwa, mwiteni mzee wa nyumba. Msimpeleke chumbani kulala ati picha si ya rika lake. Mwekeni karibu na mtambo, na picha ikiisha msiwashe nyingine upesi. Ngojeni kidogo. Huenda akasema neno, huenda asiseme.

Baba amekwisha rejea Koboko, na macho yake yapata nafuu. Juma lililopita alituletea salamu kwa mkono wa mume wangu: auliza kama kuna picha nyingine ya wale Waitalia, tena isiwe fupi.

Hadi juma lijalo, tutakapozungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi, nawatakieni nyumba zenye amani.